Mwongozo kamili: kupinda ubao kwa papi za gundi bila kukatika wala kujinyoosha

Makosa yanayorudi kila mara ni mawili. Ama upapi (ukanda mwembamba wa ubao; papi kadhaa hubandikwa pamoja zikiwa zimepinda) unakatika kabla haujalala kwenye kalibu (umbo la kupindia), ama tao linaonekana zuri mpaka klempu zifunguliwe, kisha miguu yake inatanuka na umbo ulilochora linapotea. Wa kosa la kwanza huloweka mbao kwenye maji. Wa kosa la pili huongeza gundi. Dawa zote mbili hazifiki kwenye ugonjwa, maana ugonjwa ni mmoja: unene wa tabaka ulikadiriwa kwa jicho.

Kabla ya kugusa msumeno, tenganisha unene wa aina mbili. Unene wa upapi mmoja ndio unaoamua kama ubao utakubali kupinda na kama utabaki umepinda. Unene wa jumla, gundi ikishashika, ndio unaoamua tao litakuwa kakamavu kiasi gani. Papi nyingi nyembamba hazilifanyi tao la milimita 24 kuwa kakamavu kuliko papi chache nene zenye jumla ileile. Ukitaka ukakamavu, ongeza jumla. Ukitaka mpindo unaotulia, punguza unene wa kila upapi.

Mfano tutakaoufuata ni tao lililo sehemu ya duara, zaidi kidogo ya robo: upande wa ndani lina milimita 600 kutoka mguu hadi mguu na kimo cha milimita 135. Unene wake ni milimita 24 na upana wake, likishakamilika, milimita 50.

## Vifaa

- Ubao mkavu, nyuzi zilizonyooka, unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Papi zote zitoke kwenye ubao mmoja, au mbao zilizokaa chumba kimoja kwa wiki kadhaa.
- Plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshinikizwa) ya milimita 18 kwa ajili ya kalibu, vipande vitatu vya kupandanisha.
- Karatasi tatu za plaiwudi ya milimita 4, upana wa milimita 55, za kugandamizia kwa nje.
- Klempu 12 zinazofunguka angalau milimita 150.
- Gundi ya yurea au ipoksi ya kukauka polepole. Gundi nyeupe ya PVA ina matatizo yake. Tutayaeleza kwenye hatua ya 7.
- Kalipa inayosoma sehemu ya kumi ya milimita. Futi ya chuma haitoshi kwa kazi hii.
- Mizani ndogo, rola ya gundi au kipande cha plastiki chenye meno, nailoni, nta, glavu, miwani na barakoa ya vumbi.

## Hatua ya 1: Pata nusukipenyo

Zidisha upana wa tao kwa wenyewe, gawanya kwa mara nane ya kimo, kisha ongeza nusu ya kimo. Kwa mfano wetu: 600 × 600 ni 360,000; ukigawanya kwa 1,080 unapata 333; ukiongeza 67.5 unapata takriban milimita 400. Nusukipenyo cha 400 kamili kinatoa kimo cha 135.4, na hicho ndicho tutakachotumia kuanzia hapa.

Kama umbo lako si sehemu ya duara, tafuta mahali linapokunjika zaidi na upime nusukipenyo cha hapo tu. Upapi hukatikia hapo, na wastani wa tao zima hautakusaidia.

## Hatua ya 2: Chagua unene wa upapi

Upapi ukipinda, nyuzi za nje zinavutwa na za ndani zinabanwa. Kiasi cha kuvutwa ni unene wa upapi ukigawanywa kwa mara mbili ya nusukipenyo. Upapi wa milimita 4 kwenye nusukipenyo cha 400 unavutwa asilimia 0.5. Wa milimita 8, asilimia 1, na mbao nyingi kavu huanza kukatika zikikaribia hapo.

Kwa hiyo gawanya nusukipenyo kwa unene wa upapi, uone namba inayotoka:

- 100 au zaidi: salama kwa mbao nyingi.
- Kati ya 60 na 100: inawezekana kwa mbao ngumu zenye nyuzi zilizonyooka kabisa, baada ya kujaribu.
- Chini ya 60: achana nayo. Hata ukifaulu kuupinda, utakuwa umefunga ndani ya kitu chako mkazo unaosubiri siku ya kutoka.

Kanuni za usanifu wa mbao za Marekani, zinazotumika kwa mihimili mikubwa iliyopinda, zimeweka mpaka wa 100 kwa mbao ngumu na paini za kusini, na 125 kwa mbao laini nyingine. Na hata ndani ya mipaka hiyo zinapunguza nguvu inayokubalika: unachukua 1, unatoa mara 2,000 ya mraba wa uwiano wa unene kwa nusukipenyo. Kwenye mpaka wa 100 muhimili unahesabiwa kuwa na asilimia 80 tu ya nguvu zake za kupindwa. Upapi mwembamba zaidi unakurudishia nguvu hizo: kwenye 200, punguzo ni asilimia 5.

Mbona basi tusitumie papi za milimita 1? Kwa sababu kila upapi una gharama ya msumeno. Papi 8 za milimita 3 zikipasuliwa kwanza kwa milimita 4, kwa msumeno wa mkanda unaokula milimita 1, zinahitaji ubao wa milimita 40. Kwa msumeno wa duara unaokula milimita 3, ubao wa milimita 56. Papi 12 za milimita 2, kwa msumeno huohuo wa duara na kwa ziada ileile ya randa, zinafika milimita 72: theluthi mbili ya ubao imekwenda kwenye vumbi ili upate milimita 24. Juu yake unaongeza mistari ya gundi, na kila mstari ni nafasi mpya ya kukosea.

## Hatua ya 3: Hesabu tao litajinyoosha kiasi gani

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na hesabu yenyewe ni fupi kuliko malalamiko yanayoizunguka.

Ukakamavu wa upapi huenda na mchemraba wa unene wake. Papi zikiwa bado zinateleza, kila mmoja unajipigania peke yake; gundi ikishika, zote zinakuwa kitu kimoja. Papi nane zilizoshikana ni kakamavu mara 64 kuliko papi hizohizo zikiwa huru, yaani idadi ikizidishwa kwa yenyewe. Ukifungua klempu, nguvu ya kila upapi inayotaka kunyooka inakutana na ukakamavu wa kipande kizima. Kwa hiyo kimo kinachopotea ni kimo cha kalibu kikigawanywa kwa idadi ya papi iliyozidishwa kwa yenyewe.

Kwa tao letu la milimita 24 lenye kimo cha 135.4:

- Papi 4 za milimita 6 (uwiano wa hatua ya 2 ni 67): kimo kinashuka milimita 8.5.
- Papi 6 za milimita 4 (uwiano 100): milimita 3.8.
- Papi 8 za milimita 3 (uwiano 133): milimita 2.1.
- Papi 12 za milimita 2 (uwiano 200): milimita 0.9.

Tazama faida inavyopungua. Kutoka papi 4 kwenda 8 umeokoa zaidi ya milimita 6. Kutoka 8 kwenda 12 umeokoa milimita 1 na ushee, kwa kazi iliyoongezeka nusu. Kwa tao hili tunachagua papi 8 za milimita 3.

Nguvu ya kuzilaza kwenye kalibu nayo inabadilika. Kwa jumla ileile ya unene, inafuata mraba wa unene wa upapi. Papi za milimita 6 zinataka nguvu mara nne ya zile za milimita 3, na nguvu hiyo yote inatolewa kwenye klempu ambazo zilipaswa kubana gundi.

## Hatua ya 4: Rekebisha kalibu

Usichore kalibu kwa umbo unalotaka. Lichore limekunjika kidogo zaidi, ili likijinyoosha lifike pale pale. Zidisha kimo unachotaka kwa mraba wa idadi ya papi, kisha gawanya kwa mraba huohuo uliopunguzwa 1. Kwa papi 8: 135.4 × 64 ÷ 63 ni 137.5. Rudi kwenye hesabu ya hatua ya 1 na kimo hicho kipya, utapata nusukipenyo cha milimita 396 badala ya 400.

Kwa papi 4 kingekuwa 384. Tofauti ya milimita 16 kwenye nusukipenyo si kitu cha kusawazisha kwa msasa.

Hesabu hii inadhani mbao inarudi yote kama springi. Kwa kweli mbao iliyobanwa inalegea kidogo ndani ya kalibu, na gundi laini nayo inateleza kidogo, moja ikipunguza na nyingine ikiongeza. Ichukue hesabu kama mahali pa kuanzia, na kipande cha kwanza kama kipimo.

## Hatua ya 5: Tengeneza kalibu

Pandanisha vipande vitatu vya milimita 18 upate upana wa milimita 54. Kata mkunjo wa nje kwa nusukipenyo cha 396, na uurefushe milimita 50 kupita kila mguu wa tao.

Kata mkunjo wa nyuma sambamba na ule wa mbele, ukiacha mwili wa milimita 80. Ukiacha nyuma mraba, klempu zitashika kwa mshazari na kuteleza zikikazwa.

Hakikisha uso wa kalibu uko wima kwa kigonya kila sentimita kumi. Uso ulioinama unatoa tao lililojisokota, na hakuna randa itakayoliokoa. Kisha paka nta, tandika nailoni.

Umefaulu ukiona: karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 4 inalala juu ya kalibu bila mwanga kupita chini yake.

## Hatua ya 6: Pasua na randa papi

Upapi wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Kwa tao letu upande wa ndani una milimita 678 na wa nje 719. Kata papi zote milimita 800 kwa urefu na 55 kwa upana. Ziada itakatwa mwishoni.

Kabla ya kupasua, chora pembetatu kubwa kwenye ubavu wa ubao. Papi zikichanganyika, pembetatu itakuonyesha mpangilio wake, na nyuzi zitafuatana kama ubao haukupasuliwa.

Pasua papi 10, mbili ni za majaribio. Tupa wenye fundo, na wenye nyuzi zinazokwenda mshazari kuliko milimita 1 kwa kila milimita 15. Fundo ambalo ubao mnene ungelivumilia linachukua nusu ya unene wa upapi wa milimita 3.

Kwenye mashine ya randa, upapi mwembamba hunyanyuka na kusagwa. Uweke juu ya ubao bapa unaopita pamoja nao, lisha kwa kufuata nyuzi, na uondoe chini ya nusu milimita kila mpito. Usisimame kwenye mstari wa mdomo wa kulishia mashine. Upapi ukipasuka hurushwa kurudi huko.

Pima kwa kalipa mahali patano kila upapi. Tofauti ndani ya upapi mmoja isizidi milimita 0.1. Upapi wote ukiwa 2.9 badala ya 3.0, hakuna tatizo. Ukiwa 3.0 mwanzoni na 2.7 katikati, umejenga pengo ambalo gundi itajaza badala ya kuunganisha.

Kama utatumia gundi ya yurea au PVA, zibandike ndani ya siku moja au mbili, uso ukiwa bado safi. Kwa ipoksi, kwaruza kidogo kwa msasa namba 80 na ufute vumbi.

## Hatua ya 7: Chagua gundi na upime kiasi

Gundi nayo ni tabaka, na unene wake una kauli. Yurea na PVA zinataka mstari mwembamba, karibu sehemu ya kumi ya milimita. Zikiwa nene zinanywea zikikauka na kupasuka ndani au kubaki dhaifu. Ipoksi ni kinyume: ukiikamua yote kwa klempu kali, mstari unabaki mkavu na unaachana kwa mshtuko mdogo.

PVA hubaki na ulaini fulani hata ikikauka. Tao linalosukuma muda wote linaiteleza polepole, na baada ya miezi utahisi vidaraja vidogo kwenye ubavu ukipitisha kucha. Pia inaingiza maji mengi kwenye papi nyembamba: mistari saba ndani ya milimita 24 ni maji ya kutosha kuvimbisha mbao. Inafaa kwa mpindo mpole. Kwa tao kama hili, yurea au ipoksi.

Kiasi: papi 8 zina mistari 7, kila mmoja mita za mraba 0.044, jumla 0.31. Kwa gramu 200 kwa mita ya mraba unahitaji gramu 62. Changanya 80, kwani ya rola na kopo haihesabiki mpaka uikose.

Ipoksi inataka uwiano sahihi kwenye mizani, si kwa jicho, na glavu tangu mwanzo hadi usafi wa mwisho. Yurea inatoa formaldehidi, hivyo fungua madirisha. Chumba kisishuke chini ya nyuzi 15 za Selsiasi.

## Hatua ya 8: Zoezi kavu

Usiiruke hatua hii. Panga papi zote bila gundi, weka juu karatasi tatu za plaiwudi (huru, zisiunganishwe, zikiwa huru zinapinda kirahisi kwa sababu ileile ya hatua ya 3), na ufunge klempu zote 12 kama siku ya kazi.

Sikiliza. Mlio mkavu mmoja ni upapi uliokatika: ubadilishe. Milio miwili au zaidi inamaanisha unene haufai, punguza nusu milimita na uongeze upapi.

Angalia ubavu kwa tochi. Pengo lolote linalopitisha karatasi ya kuandikia lisifunikwe kwa matumaini. Ama kalibu ina kilima, ama upapi una bonde.

Pima muda. Kama zoezi kavu linakuchukua dakika 15 na gundi yako inaanza kushika kwa dakika 10, una jibu kabla ya kuharibu kitu.

## Hatua ya 9: Paka gundi na ubane

Kwa yurea, paka nyuso zote mbili zinazokutana, nyembamba. Kwa ipoksi, lowesha zote mbili kwanza kisha ongeza kidogo upande mmoja. Uso wa ndani kabisa na wa nje kabisa vibaki vikavu.

Anza klempu ya katikati na uende kwenye miguu, zamu kwa zamu kushoto na kulia. Papi zinahitaji kuteleza: kuna milimita 41 za tofauti kati ya wa ndani na wa nje. Ukifunga miguu kwanza, urefu wa ziada unakwama katikati na kufanya uvimbe.

Usikaze yoyote mpaka mwisho kwenye mzunguko wa kwanza. Zifikishe zote kugusa, gonga mbavu kwa nyundo ya mbao papi zilingane, kisha rudi kukaza kwa mpangilio uleule.

Yurea kwenye mbao laini inataka karibu megapaskali 0.7. Kwa eneo la milimita 719 kwa 55 hiyo ni karibu kilonewtoni 28, yaani uzito wa tani 2.8 hivi. Klempu nzuri ya chuma inatoa kilonewtoni 2 hadi 3, ndiyo maana tumesema 12, moja kila milimita 65. Mbao ngumu zinataka zaidi. Kwa ipoksi kaza mpaka mistari ifunge, basi.

Umefaulu ukiona: shanga ndogo za gundi zimejipanga kwenye kila mstari, pande zote mbili, kwa nafasi zinazolingana. Mstari usio na shanga ulikosa gundi. Gundi inayotiririka kama machozi, uliipaka nyingi.

## Hatua ya 10: Subiri, fungua, pima

Saa 24 kwa uchache, hata kama kopo linasema 6. Maelekezo mengi ya kopo yanahusu viungo vilivyonyooka ambavyo havisukumi. Jaribu gundi iliyobaki kwenye kopo: ikikubali ukucha, usifungue.

Fungua kuanzia miguuni kuja katikati. Pima kimo mara moja, andika kwenye kalibu kwa kalamu. Pima tena baada ya siku tatu, ndipo uanze kuranda mbavu. Ukiranda mapema, mistari ya gundi itazama kadiri unyevu unavyotoka.

Kwa mfano wetu kimo kinapaswa kutua karibu na 135.4. Ukikuta 134 au 136, kazi ni nzuri. Ukikuta 130, usilaumu hesabu kabla hujakagua mistari.

## Likienda kombo

Limejinyoosha zaidi ya hesabu. Mara nyingi mstari mmoja haukushika. Mstari wa katikati ukiachia, una vipande viwili vya milimita 12, na ukakamavu umeshuka hadi robo. Gonga kwa kifundo cha kidole kutoka mguu hadi mguu. Penye sauti pwaya ndipo palipoachia.

Mistari imeshika lakini umbo bado si lenyewe. Tumia kimo ulichoandika. Kama limepoteza milimita 4 badala ya 2, ongeza 2 kwenye kimo cha kalibu kwa vipande vinavyofuata. Kuongeza upapi bila kujua tatizo kunakubadilishia kila kitu kwa pamoja.

Tao linayumba likibebeshwa. Hapo ongeza unene wa jumla. Upapi wa tisa unapeleka 24 kuwa 27, na ukakamavu unapanda kwa asilimia 42.

Papi zinaachana katikati ya unene, mbao ikiwa nzima. Angalia mzigo unasukuma upande gani. Mzigo unaofungua tao unavuta tabaka zitengane, na mbao ni dhaifu sana kuvutwa kwa kukatisha nyuzi. Kwa tao la namna hiyo ongeza nusukipenyo, au lifunge miguu kwa chuma isitanuke.

Na ile mikato ya ziada uliyoondoa miguuni usiitupe. Ingiza patasi kwenye mstari wa gundi na upasue. Ikivunjika ikiwa na nyuzi za mbao zimebaki pande zote mbili, gundi imeshika. Ikiachana laini, ikiwa na uso unaong'aa, tao zima limebandikwa hivyohivyo. Lisiende kubeba mtu.